Tulivyomtafutia shangazi nyumba ya wazee Washington: leseni, bei, na maswali ya kuuliza kabla hujasaini

Wabongo na Wakenya wengi tulioko Marekani tumepita kwenye hii kazi ya kuhudumia wazee, kwa wengine ndo kazi ya kwanza kabisa waliyopata, na mimi nimepiga shifti za usiku miaka mingi kwenye nyumba za wazee huku jimbo la Washington, maeneo ya Kent mpaka Tacoma. Sasa ukija kumpeleka mzee wako mwenyewe ndo unagundua kuna mambo chungu nzima ulikuwa huyajui, maana ukiwa mfanyakazi mkataba huuoni, bili huzioni, unachojua ni nani anaogeshwa saa ngapi na nani anapewa vidonge gani. Naandika haya kwa sababu najua kuna familia nyingi za kwetu ziko kwenye huo mtihani sasa hivi na zinauliza kwenye magrupu, na majibu wanayopewa mengi ni ya jimbo lingine kabisa.

Shangazi yetu alikuja huku zamani sana, akafanya kazi jikoni hospitalini mpaka akastaafu, mume wake alishatangulia mbele ya haki na mtoto hakujaliwa, kwa hiyo watoto wake ni sisi. Alianza kusahau kidogokidogo, mara jiko limeachwa linawaka, mara dawa ya presha kameza mara mbili, halafu akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Pale hospitali wakatuambia kwa jinsi alivyo hawezi kurudi kukaa peke yake. Nyumbani kwangu ngazi tupu na mimi na mume wangu wote tuko kazini, usiku mmoja mchana mmoja.

Grupu la ukoo likawaka. Kaka yangu wa Houston, mtoto wa baba mkubwa, anasema mleteni Texas huku bei chee. Dada wa Minneapolis anasema hapana aje Minnesota, Wasomali wamejaa na chakula cha halali kipo kila kona. Wote walikuwa na nia njema kabisa ila tulikuwa tunaongea vitu ambavyo vimefanana jina tu, na hilo ndo jambo la kwanza ambalo kila familia inatakiwa ilijue: nasingi homu, yale ya wagonjwa wanaohitaji manesi muda wote, yana sheria ya serikali kuu ya nchi nzima tangu mwaka 1987, lakini haya makazi wanayoita asistedi livingi, ambako mzee anaishi na anasaidiwa mambo kama kuoga, kuvaa na dawa, hayana sheria moja ya nchi. Kila jimbo linatunga yake, linatoa leseni yake, linakagua kwa utaratibu wake. Bango la getini linaweza kuandikwa chochote, maua, mapumziko, familia, lakini kinachoamua mzee wako atahudumiwa vipi ni leseni iliyobandikwa ukutani na jimbo uliloko.

Hapa Washington kuna njia mbili kubwa. Kuna asistedi livingi zenyewe, majengo ya watu saba na kuendelea, mengine yana vyumba mia na saluni na basi la kupeleka wazee dukani. Halafu kuna zile nyumba za kawaida za mtaani, Adult Family Home, sisi tunaziita AFH tu, ambazo leseni yake ni ya wazee mpaka sita, na siku hizi kwa kibali maalum wanafika wanane. Waafrika Mashariki wengi wanazimiliki hizi, wengine walianza kama mimi, keagiva, yaani mhudumu wa wazee, wakajibana wakanunua nyumba. Zote mbili ziko chini ya idara moja ya jimbo, DSHS, na ripoti za ukaguzi zinawekwa kwenye tovuti yao mtu yeyote anasoma bure.

Sasa Texas aliyokuwa anaisema kaka, wao wanagawa leseni Type A na Type B. Type A ni ya mzee ambaye moto ukitokea anaweza kutoka mwenyewe na usiku hahitaji mtu wa kumwangalia. Type B ni ya yule anayehitaji kusaidiwa kutoka, au hawezi kufuata maelekezo, au anahitaji mtu usiku. Shangazi ana woka, kile chuma cha kushikilia akitembea, na saa nane za usiku anaamka anatafuta funguo za nyumba ya Tanga, huyo ni Type B bila ubishi. Ile nyumba ya bei chee kaka alikuwa kaisikia msikitini, akaenda akauliza leseni, akaambiwa hapa tunao watatu tu hatuhitaji. Na kweli kwa Texas leseni ya asistedi livingi inaanzia watu wanne wasio na undugu na mwenye nyumba. Huenda yule mama ni mtu mzuri tu, simjui, lakini hakuna mkaguzi wa leseni hiyo anayekuja kufungua kabati lake la dawa, na mimi shangazi yangu anayesahau siwezi kumweka sehemu ambayo jicho la nje halifiki.

Minnesota nayo ina historia yake. Mpaka tarehe 1 Agosti 2021 walikuwa hawana leseni ya asistedi livingi kabisa, nyumba ilikuwa inasajiliwa kivyake na huduma inapewa leseni kivyake, mpaka kelele za familia na habari za wazee kuteswa zikafanya bunge la jimbo lipitishe sheria 2019. Sasa hivi wana leseni mbili, ya kawaida na ya wenye ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo dada nilimwambia ukienda kuulizia hakikisha unauliza hiyo ya pili. Arizona wanatenganisha nyumba ya watu kumi kushuka chini na kituo cha kumi na moja kupanda, halafu wana ngazi tatu za huduma. Florida mwenye leseni ya kawaida akitaka kutoa huduma za kinesi lazima aongezee leseni nyingine juu yake. Sitaki kumaliza majimbo yote hapa, nataka tu uone kwamba ushauri wa ndugu wa jimbo lingine, hata awe nesi, usiubebe mzimamzima.

Turudi kwenye pesa maana hapo ndo familia zinalia. Watu wengi wa kwetu wanaamini mzee akiwa na Medicare, ile bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, basi kila kitu kimeisha. Medicare hailipii mtu kukaa nyumba ya wazee. Inacholipia ni matibabu na, kama mzee alilazwa hospitali siku tatu kwa kulazwa kweli, inaweza kulipia rehabu, yaani matunzo na mazoezi ya kupona, kwenye nasingi homu: siku 20 za mwanzo yote, siku ya 21 mpaka ya 100 unachangia zaidi ya dola 200 kila siku, baada ya hapo hakuna tena. Na hiyo 100 si ahadi, wakiona mzee hahitaji tena nesi au mtu wa mazoezi wanaisimamisha hata kabla. Halafu hilo neno kulazwa liangalie sana. Kuna wazee wanakaa kitandani hospitali siku nne wanakula na kupewa dawa, kumbe kwenye makaratasi wameandikwa wako kwenye uangalizi tu, hiyo haihesabiki, rehabu inakuja bili ya familia. Uliza siku hiyohiyo ya kwanza, amelazwa au yuko kwenye uangalizi, na wakikujibu andika jina la aliyekujibu.

Bei zenyewe, utafiti wa kampuni ya CareScout wa 2024 ulionyesha bei ya katikati ya asistedi livingi kwa nchi nzima ni kama dola 5,900 kwa mwezi, na chumba cha kuchangia nasingi homu kama dola 111,000 kwa mwaka. Washington ni jimbo ghali kwa hiyo jiandae kuona zaidi ya hapo. Lakini bei wanayokutajia kwenye simu siyo bei utakayolipa. Hiyo mara nyingi ni chumba, chakula, usafi na umeme. Juu yake inakuja huduma, na huduma wanaipima kwa pointi au levo: kusaidiwa kuoga pointi kadhaa, kuvalishwa, kupewa dawa, kusindikizwa chooni usiku, kila kimoja kina bei yake. Na kuna hela ya kuingilia ambayo hairudi, watu wanadhani ni dipoziti, siyo dipoziti, ukihama baada ya mwezi imekwenda.

Ngoja niwasimulie siku ya tathmini maana hii nimeiona kwa wazee wetu wengi, sio shangazi peke yake. Alikuja nesi wa jengo moja kubwa, mstaarabu sana, amekaa na tableti yake pembeni ya kitanda pale rehabu. Anamuuliza shangazi, unaweza kuvaa nguo mwenyewe? Shangazi kajiweka sawa, kavuta mtandio, akasema naweza. Kuoga? Naweza. Chooni? Naweza, namshukuru Mungu. Na pale alipokaa blauzi alikuwa kaivaa nje ndani na vifungo nilimfunga mimi asubuhi. Shangazi siyo muongo, mtu mzima wa kwetu hawezi kumwambia mgeni kwamba anaoshwa, ni aibu, kalelewa hivyo. Sasa nesi anaandika anachoambiwa, mzee anawekwa levo ya chini, bei inatoka nzuri familia inafurahi inasaini, mwezi haujaisha wahudumu wameona ukweli, tathmini inarudiwa na bili inapanda mamia ya dola. Nilimwomba yule nesi kwa adabu tuongee nje ya mlango, nikamwambia yote, nguo, kuoga, kuamka usiku, na udhu, maana shangazi anaswali na kuinama kuosha miguu ndo palepale anapoyumba. Bei ikapanda hapohapo, lakini ilikuwa bei ya kweli, na tukaweza kuilinganisha na za wengine.

Kwa hiyo mpime mzee wako mwenyewe kabla hajapimwa. Kaa naye wiki, andika kila kitu anachosaidiwa, mchana na usiku, halafu hiyo karatasi mpe kila anayekuja kutathmini, ileile moja, ndo utapata bei zinazolinganishika.

Swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, na lile nililoligandia mpaka wengine wakanichoka, ni hili: pesa za mzee zikiisha mtamfanyaje? Maana zitaisha. Mtu anauza nyumba, analipa miaka miwili mitatu, akaunti inabaki tupu, na hapo ndo anahitaji Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato na akiba ndogo, siyo ile Medicare. Hapa Washington Medicaid inaweza kulipia huduma ndani ya AFH na asistedi livingi kupitia mpango unaoitwa COPES, mzee asiye na mwenza anatakiwa abaki na akiba isiyozidi dola 2,000, pensheni yake karibu yote inaenda kwenye nyumba anabakiziwa kidogo ya matumizi. Lakini mwenye nyumba halazimishwi kupokea Medicaid. Kuna wanaopokea, kuna wasiopokea kabisa, na kuna wanaosema tunapokea ukishalipa kwa mfuko wako miaka miwili. Sheria ya hapa inawataka waiandike hiyo sera yao na wakupe kabla hujaingia, kwa hiyo usikubali maneno ya mdomo, omba karatasi. Jengo moja zuri sana, bustani, piano, walipotupa karatasi yao tukaona hawapokei kabisa, tukawashukuru tukaondoka. Nimewahi kuona kazini mzee wa miaka tisini na zaidi anafungashiwa vitu kwa sababu ya hilo, analia anauliza kakosa nini.

Na Medicaid haisafiri na mtu. Ukimhamisha mzee toka Washington kwenda Texas unaomba upya kwa masharti ya Texas, na kwa huduma za nje ya nasingi homu kule wana foleni ya majina watu wanasubiri muda mrefu. Hii ndo ilimaliza ubishi wa grupu.

Kulikuwa pia na wazo kwamba nyumba ya shangazi iandikwe haraka jina la mpwa ili isiliwe. Nilikataa kata kata. Wanaangalia miaka mitano nyuma, kila ulichotoa bure au kwa bei ya kutupa kinahesabiwa na mzee anafungiwa Medicaid kwa muda, na pia mzee akifariki jimbo linaweza kudai sehemu ya gharama kutoka kwenye mali alizoacha. Tukamlipa wakili wa mambo ya wazee, saa moja tu, pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kabisa. Alichotusisitizia ni shangazi asaini hati za kutupa mamlaka ya kusimamia pesa na matibabu yake wakati akili bado inamrudia, asubuhi ndo anakuwa vizuri, wakili akaja asubuhi. Ukichelewa mpaka mzee haelewi anachosaini mnaishia mahakamani kuomba usimamizi, gharama na miezi.

Kuna hawa watu wa kukutafutia nyumba bure, unapiga namba ya tangazo dakika kumi simu kumi zinarudi. Wengine wanasaidia kweli, lakini wanalipwa na nyumba utakayoingia, kwa hiyo orodha watakayokupa ni ya wanaowalipa. Washington ina sheria inayowataka wakuandikie wanalipwaje. Muombe hiyo karatasi kwanza halafu ndo muongee.

Kwenye kutembelea mimi natumia uzoefu wa kazi. Naenda saa kumi jioni au Jumapili, meneja hayupo. Naangalia mikono na kucha za wazee, naangalia kama maji ya kunywa yako karibu wanapofikia, nasikiliza mhudumu anamwitaje mzee. Nauliza usiku mhudumu yuko macho au amelala, na wako wangapi kwa wazee wangapi. Kwenye ripoti za ukaguzi kosa la fomu kukosa tarehe halinitishi, kosa la dawa lililojirudia ripoti mbili mfululizo naifuta hiyo nyumba kwenye orodha yangu hapohapo. Na nauliza mlango wa chumba chake una kitasa cha kufunga kwa ndani? Hili dogo lina asili yake, aliyeanzisha wazo la asistedi livingi kule Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1980, mama Keren Brown Wilson, mama yake mzazi alikuwa amekaa nasingi homu akiwa bado si mzee, na alichotaka ni mahali pake mwenyewe, jiko dogo, bafu lake, mlango anaoufunga. Ndo maana haya makazi yakawepo. Ukikuta nyumba inaitwa asistedi livingi halafu watu wanaingia chumbani kwa mzee bila hodi, sijui wanasaidia nini.

Shangazi tulimpata AFH ya watu sita si mbali na kwangu, mwenyewe ni mama wa Kikenya ambaye ni nesi, anapokea Medicaid na kaiandika. Mchana nilipokwenda kuangalia kulikuwa na mchicha na wali jikoni na mzee wa Kizungu pembeni anamenya karoti taratibu na mhudumu kamwacha amenye. Shangazi kauliza swali moja tu, kibla ni wapi. Yule mama akamwonyesha.

Kwa wale mnaotaka kuwaleta wazazi toka nyumbani kwa grin kadi, hili lisomeni mara mbili. Mzazi aliyekuja akiwa na miaka 65 na zaidi hajawahi kufanya kazi huku, Medicare anaweza kuinunua akishakaa miaka mitano mfululizo na grin kadi, na analipia kila mwezi. Medicaid nayo kwa sheria ya 1996 wenye grin kadi wengi wanasubiri miaka mitano, majimbo machache yana mipango yao ya pembeni. Ndani ya hiyo miaka mitano mzee akipata kiharusi nyumba ya wazee ni mfuko wenu. Na wewe uliyemdhamini ulisaini fomu ya kumtunza, wanaweza kukurudia. Sisemi msiwalete, mama zetu wanatakiwa wawe karibu na wajukuu wao, nasema kaeni ndugu wote mpige hesabu kabla ya kukata tiketi. Na kama mzee ameshaingia Medicaid ya huku Washington na anaweza kubaki nyumbani kwenu, uliza DSHS kuhusu mtoto kulipwa kama mhudumu wa mzazi wake, lipo hilo, unasoma mafunzo unalipwa kwa saa, familia nyingi za kwetu hazijui.

Mwaka ulipoisha bei ya shangazi ikapanda. Mkataba ulisema tupewe taarifa ya maandishi siku 30 kabla, tukapewa, tukaomba watueleze ni chumba kilichopanda au huduma, tukakaa mezani na yule mama na mpango wake wa huduma mkononi tukapitia mstari kwa mstari, kimoja kikatolewa kwa sababu shangazi alikuwa hakihitaji tena. Pale ukutani karibu na mlango pamebandikwa namba ya ombudsmani wa jimbo, mtetezi wa wakazi, huduma yake ni ya bure na ipo majimbo yote. Hatujawahi kuhitaji kumpigia lakini nimeisevu kwenye simu yangu, ya mume wangu, na ya kaka wa Houston ambaye sasa hivi anamtafutia mama mkwe wake huko na ananiuliza ile karatasi ya kuandika anachosaidiwa mzee inaanziaje. Nimemwambia aanze na usiku.